Shavu la Kushoto

Kaka yangu ana kipara cha kujivunia, na kipara hicho kilinitia kichaa. Skana niliyokuwa naunda, ya kushika mkononi kama pasi, ilichukua umbo la kiatu, la mkate, hata la goti la mama. Ikifika kwenye kipara inapotea njia, na kwenye kompyuta anatokea kaka mwenye shimo utosini. Nikampaka poda kuua mng'ao. Wapi!

"Si nilisema siku zote mle hamna kitu?" mama akasema.

Mimi sikucheka. Binti wa kaka aliungua uso kwa mafuta ya moto, na fundi wa hospitali alihitaji umbo la uso wake ili amtengenezee barakoa ya kubana makovu yasivimbe. Kawaida humfunika mtu uso mzima kwa plasta mbichi mpaka igande. Mtoto alipofunikwa macho alipiga mayowe mpaka fundi mwenyewe akaacha. Sasa alinipa nafasi moja: skana ikishindwa, mtoto atashikwa kwa nguvu apakwe plasta.

Tulimkalisha karibu na dirisha.

"Shangazi, itaniuma?"

"Haikugusi, mwanangu. Ni mwanga tu."

Nikaanza na shavu la kushoto, lile zima. Skana ikapotea. Nikarudia, ikapotea tena. Fundi akainuka kuchanganya plasta. Mtoto akamwona, akaficha uso magotini.

"Hebu subiri!" nikamfokea fundi, nikambembeleza mtoto, nikahamia shavu la kulia kwa kutapatapa tu. Skana ikashika palepale. Kila mkunjo wa kovu, kila kinundu, vyote vikaja bila kusita. Ndipo akili ikanijia: mashine yangu hutafuta pa kushikilia, na ngozi laini haina. Mjinga mimi, kumlaumu kaka!

Nikaomba kalamu ya wino, nikamtia vidoti shavu la kushoto.

"Kumbe linalosumbua ni hili?" akauliza.

"Hilohilo. Halina adabu."

Akacheka, nikalazimika kuanza upya, na sikukasirika hata kidogo. Safari hii uso ukaja mzima. Fundi akaukagua, akasema unamtosha kutengenezea barakoa.

Tangu aungue, mtoto huyu alikuwa hataki kuona kioo. Sasa akasogea kwenye kompyuta, akauzungusha uso wake kwa kidole, akasimama kwenye kovu. Akalitazama sana. Nilitamani kumziba macho.

"Shangazi," akasema, "hapa nimetoka vizuri."