Mashine ya Mkono wa Kushoto

Kama kuna kitu Francisca alikichukia kuliko uongo, ni uongo unaosemwa kwa kipaza sauti na kupigiwa makofi.

Na sasa alikuwa akiusikiliza, amesimama nyuma ya masufuria ya pilau, mikono inanuka vitunguu. Misa ya sikukuu ya somo, mtakatifu msimamizi wao, ilikuwa imekwisha. Wakristo wa kigango chao, huko Murukulazo, walikuwa wameketi chini ya turubai mbele ya kanisa. Mzee Protasi, mwenyekiti wa kigango, alikuwa akimwonyesha Paroko meza ya kazi za vijana. Katikati ya meza ilikuwapo runinga ya kanisa, na mbele yake sanduku la mbao. Sanduku la Francisca.

"Baba Paroko, mashine hii ya gemu za zamani imebuniwa na kijana wetu, Derick. Mwanangu mwenyewe!"

Makofi. Derick akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Unyenyekevu! Huyu ambaye kila alipomkuta Francisca akiunga nyaya alipita mlangoni akicheka, "Dada, hiyo redio umeivua nguo, itashikwa na baridi." Kazi aliyoifanya ni moja tu: asubuhi ile alileta betri kwa pikipiki.

Ndani ya sanduku mlikuwa na kompyuta ndogo, kibao kitupu kinachoenea kiganjani, ambacho Francisca alikipata Mwanza alipokuwa akisomea stashahada. Alikitia programu inayojifanya mashine ya gemu za kaseti, kama ile iliyokuwa dukani kwa Benedicto alipokuwa mdogo. Siku zile wavulana walicheza, wasichana wakachungulia dirishani. Msichana aliyethubutu kuingia aliulizwa kama nyumbani kwao vyombo vimejiosha. Mashine ya Benedicto ilikufa, kaseti zikabaki rafuni zikila vumbi, mpaka Francisca alipoziomba, akanakili yaliyomo, na kibao kile kikayafufua.

Hakufanya hivyo kwa kupenda gemu tu. Paroko alikuwa ameahidi kwamba kijana atakayetengeneza kitu cha kuwafaa wenzake atakabidhiwa ufunguo wa chumba cha kando ya sakristia, chenye umeme wa jua, afundishe humo. Francisca alishaamua hata mahali pa kuweka benchi la wasichana. Mbele, si dirishani.

Siku iliyotangulia alikwenda kwa Protasi, baba yake mkubwa, kuuliza kwa nini anasikia mashine yake ikitajwa kwa jina la Derick.

"Wewe utaolewa," Protasi alimjibu bila kuinua macho kwenye kahawa yake. "Ufunguo utavuka mto na mumeo. Derick yupo. Jina linabaki kwenye ukoo."

"Na mimi ni wa ukoo gani, baba mkubwa?"

"Wewe ni wa kutoka, mwanangu. Usikasirike. Ndivyo ilivyo."

Ndivyo ilivyo! Maneno mawili, na mtu anadhani ametoa sababu.

Akavua aproni. Mama yake, Clotilda, akamshika mkono. "Nyamaza, mwanangu. Tangu baba yako atutoke, tunalima kwenye shamba la baba yako mkubwa."

"Mama, kulima kwake ndiyo nimpe na kichwa changu?"

Clotilda akamwachia mkono. Protasi alikuwa tayari ameunyosha mkono kumpokelea mwanawe ufunguo, sauti ilipotoka upande wa mitungi ya pombe.

"Subirini kwanza!"

Alikuwa Bibi Auleria, mpika rubisi, pombe ya ndizi. Mtungi wake ulikuwa miguuni, mirija imechomekwa.

"Mimi pombe yangu nimeionja mbele ya macho yenu, ndipo mkainama kunywa. Hicho kidubwasha nani amekionja? Mwenye kitu aonje kwanza."

"Bibi, hiyo si pombe," Protasi alisema.

"Ndiyo maana naiogopa zaidi."

Watu wakaangua kicheko. Kwao hakuna mgeni anayegusa mrija kabla ya mwenye mtungi. Asiyeonja chake ana lake jambo. Paroko naye alikuwa mtoto wa migombani. Akaurudisha ufunguo mfukoni. "Bibi amesema haki. Derick, onja."

Derick akaketi, akawasha. Hata programu ile, ambayo kazi yake yote ni kuiga, ikiwaka huandika kwanza kwenye kioo jina la mashine inayoiigiza. Derick hakufikia hata adabu ya programu.

Kindege kikatokea, mawe yakaanza kushuka. Derick akaangalia sanduku, akatatizika. Fimbo ya kuendeshea ilikuwa kulia, na vitufe, vilivyovikwa vifuniko vya soda, vilikuwa kushoto. Mashine zote alizowahi kuziona zilikuwa kinyume chake. Basi akaligeuza sanduku zima kama sinia, fimbo ikaja kushoto. Akaisukuma juu, kindege kikapiga mbizi chini. Akaivuta chini, kikapaa kikajigonga kwenye jiwe.

"Anaendesha kinyumenyume!" mtu alipiga kelele. "Kama pikipiki yake!"

"Mashine ina hitilafu," Protasi alisema upesi.

"Haina," Francisca alisema. Tayari alikuwa mezani. Alilirudisha sanduku, akaketi, na mkono wake wa kushoto ukaanza kudonoa vile vifuniko kama kuku kwenye mtama. Ule ule mkono ambao utotoni ulifungwa kwa kanga wakati wa kula ili ujifunze aibu. Kindege kikapenya katikati ya mawe, na watu wakanyanyuka kwenye viti.

"Kushoto!" Protasi alinguruma. "Mbele ya Paroko!"

"Shemeji." Clotilda alikuwa amekuja nyuma ya bintiye, ana mwiko mkononi. "Hiyo fimbo ni mpini wa mwiko wangu wa zamani, nilioutafuta mpaka nikakata tamaa, nikanunua huu. Nijibu tu. Derick aliingia lini jikoni kwangu?"

Bibi Auleria alicheka mpaka akashika mtungi usianguke. Derick akatazama viatu vyake.

Paroko akakohoa. Alikuwa mtu wa amani, na watu wa amani wana namna yao ya kudhulumu. "Jamani, ninyi ni ndugu. Derick ashike ufunguo, Francisca awe msaidizi wake. Mnaonaje?"

Makofi yakaanza tena, ya watu wenye njaa.

"Hapana, Baba," Francisca alisema. "Uongo ukigawanywa nusu haugeuki ukweli."

Akachomoa waya mmoja mmoja. Hakuna aliyepiga tena makofi.

"Ukiliondoa hilo sanduku, chumba kitabaki kitupu!" Protasi alisema.

"Hakitabaki kitupu, baba mkubwa. Nakuachia Derick. Na betri, maana hiyo kweli aliileta yeye."

Alipoinama kulibeba, Clotilda alimtangulia, akalinyanyua yeye, akalitua kichwani. Akapita mbele ya shemeji yake bila kuaga, jambo ambalo halikuwahi kuonekana katika ukoo ule.

Walipofika kwenye migomba ndipo Clotilda aliposema, bila kugeuka: "Pale ukumbini kwetu wasichana watatosha, tukiutoa mkeka wa mahindi."