Bata Waliokalia Muhuri

Asubuhi ya kufungua tanuri, mchoraji alivaa glavu za kaka yake, ambazo ni kubwa mno kwake, akaanza kutoa sahani moja moja zikiwa bado na joto la kutosha kukaushia soksi. Kaka ndiye mfinyanzi wa karakana ile ndogo. Hukanda udongo, huketi kwenye gurudumu, huinua bakuli na kutandaza sahani, na kabla hazijakauka huzipindua na kuzigonga muhuri wenye jina lake. Zikishachomwa mara ya kwanza, dada mtu huzichora bata wa bluu walioandamana kuzunguka ukingo, kila mmoja na shingo yake na maringo yake. Kisha sahani huchovywa kwenye rojo la kioo la kuzing'arisha na kurudishwa motoni mpaka udongo uwe mgumu kama jiwe.

Asubuhi hiyo sahani zilitoka nyeupe pe. Mchoraji akazipindua, akawakuta bata wote huko chini, kwenye sehemu ya katikati isiyopakwa kioo, wamebanana na kuukalia muhuri. Walikuwa wamejaa kiasi kwamba jina la kaka halikusomeka.

Kaka akaangalia, akaguna.

"Rangi yako nyepesi," akasema. "Imetiririka."

Mchoraji hakubisha. Rangi nyepesi hutiririka kweli, ingawa haijapata kutiririka na kutafuta mahali pa kukaa. Akaongeza unga wa rangi. Safari iliyofuata bata walikuwa wazito, wakatembea polepole, na tanuri lilipopoa wengine walikutwa ukingoni, mguu mmoja juu, mmoja chini. Kaka akasema basi kosa ni la moto, akachoma taratibu zaidi. Bata nao wakapata muda. Walifika chini wote, hata wale wa bakuli za supu wenye mteremko mkali.

Tuseme ukweli, mchoraji alikuwa anajua. Hakuwatuma, lakini alijua. Siku chache kabla ya hapo alikuwa amealikwa chakula kwa jirani, akapakuliwa kwenye sahani aliyoichora mwenyewe. Jirani alipomaliza kula akaipindua ya kwake, akasoma muhuri, akasema huyu bwana anayechora hawa bata Mungu kampa mikono. Mchoraji akaitikia kwamba ni kweli, kampa. Akarudi nyumbani roho inamuuma, akachora seti nzima huku amenuna. Bata ni kama watoto, huyashika ya nyumbani hata usipowaambia.

Siku ya kukabidhi oda ya vyombo ya mama mmoja mwenye mkahawa ilikuwa inakaribia, na kaka alikuwa hapati usingizi. Akauhamishia muhuri ubavuni, bata wakaukalia ubavuni. Akachonga muhuri mdogo, wakatosha wawili tu na waliobaki wakapanga foleni kungoja zamu. Hapo mchoraji akapiga moyo konde. Akachukua sahani mbichi ambayo haijagongwa kitu, akaandika jina lake mwenyewe chini yake kwa pini ya nywele, ikachomwa, akaichora, ikachomwa tena. Ilipotoka, bata walikuwa juu, mstari umenyooka, na mmoja wao alikuwa ametaga yai ambalo hakuna aliyelichora.

Kaka aliigeuza sahani ile, akaigeuza tena. Si mtu mbaya, hilo tusimnyime.

"Basi tuandike lako," akasema.

Mchoraji alifurahi. Aliandika jina lake chini ya kila sahani, kila bakuli na kila kikombe, bila kuruka hata kisosi, na kwa mara ya kwanza aliandika akiimba, sauti yenyewe si ya kusifiwa. Bata walitulia mahali pao. Wengi walitaga.

Vyombo vilipopoa, kaka aliingia na furushi la stika. Zilikuwa za duara, zenye herufi za dhahabu, jina lake katikati na chini yake maneno: vimechorwa kwa mkono. Muuzaji alimhakikishia kwamba gundi ikishakauka haitoki hata kwa maji ya moto.

"Bata wakishaiva hawawezi kwenda popote," akaeleza, huku akibandika ya kwanza.

"Kaka, si tulisema langu?"

"Limo. Nani kalifuta? Limo hapo chini. Watu wananijua mimi, mdogo wangu. Halafu jina langu si ndilo lako? Tumetoka tumbo moja."

"Na langu mbona haliwi lako?"

Kaka akacheka, akasema dada yake ana maneno huyu, akaenda kutafuta maboksi.

Mama mwenye mkahawa alipofika aliinua sahani kwenye mwanga wa dirisha, akayapenda mayai, akapindua, akasoma. Akammwagia kaka sifa mpaka kaka akaona haya kidogo, ile haya ya mtu anayetaka uendelee. Akamuuliza kama mayai huyachora kabla ya bata au baada ya bata. Kaka akajibu kwamba inategemea. Bata walikuwa wameiva, hawakuinua hata mguu.

Mchoraji alikuwa kwenye kigoda akimalizia stika, kwa kuwa oda ilikuwa kubwa na kaka alikuwa na mgeni. Akafikia sahani ambayo kaka aliibandika mwenyewe kwa haraka. Stika ilikuwa imekaa upande, na pembeni yake zilichungulia herufi mbili za jina la mchoraji. Kisha, gundi ikiwa bado mbichi, akaibandua stika polepole kwa kucha, akaiweka sawasawa mahali pake, akaikandamiza kwa kidole gumba, kwa maana hajawahi kutoa kazi iliyopinda, akavuta sahani nyingine.