Siku Tatu Bila Bitiruti

Alfajiri ile Baba Pacha alisimama chooni akitazama chini. Mkojo ulikuwa mwekundu. Si njano iliyokolea ya mtu aliyeshinda na kiu. Mwekundu, kama maji ya pipa lake la rangi kiwandani.

Akamwaga ndoo nzima ya maji. Akamwaga na ya pili.

Miaka kumi na tisa alikuwa akitia rangi vitambaa, na kwa miaka kumi na miwili pipa la jirani lilikuwa la shemeji yake, kaka wa mkewe. Shemeji naye alianza hivi hivi. Daktari wa kiwanda akamwambia ni kichocho, aache kuoga mtoni, na mtu mwenyewe hakuwa amegusa mto tangu utotoni. Akapewa vidonge. Akapewa vingine. Ilipokuja kujulikana kuwa ni kansa ya kibofu, ilikuwa imeshajenga na kuezeka. Kiwanda kilileta mazishini shada la maua na barua ya mistari mitatu. Baba Pacha aliijua mistari ile kwa moyo, na hakukusudia kuisahau.

"Umezama humo?" mkewe aliuliza mlangoni.

"Tumbo tu, Mama Pacha."

Mezani ilimsubiri glasi ya juisi ya bitiruti. Tangu bango libandikwe kantini ya kiwanda, Mama Pacha hakumpa mlo usio na rangi: mchicha, karoti, nyanya, matunda, na bitiruti asubuhi na jioni. Bango lilisema vyakula hivyo vina antioksidanti, ngao ya mwili dhidi ya sumu. Afisa ustawi alipanda juu ya kiti kulieleza. Kasuku, yule mwenye maneno mengi aliyerithi pipa la shemeji, akanyoosha mkono.

"Mkubwa, na glavu je?"

"Glavu zimeagizwa."

"Hizo zilizoagizwa kabla pacha wa Baba Pacha hawajazaliwa? Siku hizi wanavunja ungo na kubalehe."

Watu walicheka. Bango likabaki, glavu hazikuja.

Baba Pacha akainywa ile ngao yote, akaomba glasi ya pili. Siku iliyofuata mkojo ulikolea. Akaongeza ya tatu. Kadiri alivyoogopa ndivyo alivyokunywa, na kadiri alivyokunywa ndivyo ulivyokolea. Kiwandani alijipapasa chini ya kitovu kila alipokuwa peke yake. Usingizi ukamkimbia.

Siku ya nne mkewe alimzuia mlangoni mwa choo.

"Ndoo tatu kwa mkojo mmoja? Maji nayabeba mimi kichwani, baba. Sema."

Akasema. Mama Pacha akaketi pale pale kizingitini, mkono mdomoni. Alimuuguza kaka yake kwa mikono hiyo.

"Na wangu," alisema mwishowe.

"Wako nini?"

"Mwekundu. Tangu juzi. Nikaona nisikutie hofu."

Wakatazamana. Mkewe hakuwahi kukanyaga kiwandani. Wote wawili wakageuka kutazama glasi zao za bitiruti mezani. Mama Pacha ndiye aliyeanza kucheka, akacheka mpaka machozi, na mumewe akamfuata. Kisha Baba Pacha akaishika glasi yake.

"Mama Pacha. Nikinywa hii kila siku, siku ikija damu yenyewe nitaijuaje?"

Kicheko cha mkewe kikakatika.

"Siku tatu," alisema. "Mchicha utakula, karoti utakula, matunda utakula, hivyo havina kesi. Bitiruti haiingii humu mpaka tuone."

Zile siku tatu zilikuwa ndefu kuliko miaka kumi na tisa. Ya kwanza, mwekundu. Ya pili, kama chai iliyochujwa mara ya pili. Ya tatu njano, njano safi, na Baba Pacha akaegemeza paji la uso ukutani mpaka mkewe akabisha hodi.

Mchana huo kantini, mbele ya wenzake saba wa mapipa, wote glasi za bitiruti mkononi, akawaeleza.

"Kwa hiyo tukutangazie mikojo yetu?" Kasuku aliuliza.

"Mtangaze. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Siku tatu, kisha kila mtu aseme."

Siku ya nne wakaja mmoja mmoja. "Njano." "Njano, kama shati la afisa ustawi." Kila aliyesema alikaa chini kwa kishindo, kama aliyetua gunia. Sita walisema.

Kasuku alikuwa akiusogeza mchicha kwenye sahani, huku na huku.

"Baba Pacha," alisema taratibu, "ulisema inaisha kwa siku ngapi?"

"Tatu."

"Mimi bitiruti sikuipenda kamwe. Hiyo glasi nilikuwa nashika tu."

Baba Pacha akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya meza chini ya bango.

"Twende hospitali ya mjini," alisema. "Na ninyi sita, inukeni. Safari hii haendi mtu peke yake."