Mchezaji wa Kumi na Moja

Jumamosi hiyo Wakesho aliuza ndizi zake zote stesheni ya Voi kabla treni ya Mombasa haijaondoka. Akakung'uta kapu, akajifunga kanga vizuri, akashika njia ya uwanja wa kriketi kwenda kumwuliza Bwana Pelling, kwa mara nyingine tena, mume wake yuko wapi.

Mumewe, Obadiah, alikuwa akifanya kazi kwa Bwana Pelling kwenye mashine ya mkonge, ile inayokwangua majani mpaka zibaki nyuzi nyeupe. Siku moja ya mwaka wa hamsini na tatu alienda kazini na hakurudi. Bwana Pelling alisema ametoroka. Wafanyakazi wenzake walishika njia nyingine kila walipomwona. Mtu mmoja alimwambia Wakesho kwamba watoro hujificha Kishushe kwa wachunga ng'ombe, naye akaenda hadi Kishushe kwa miguu, akakuta ng'ombe na vumbi. Alichotaka si kikubwa. Kama mumewe amekufa, apewe maiti yake aizike Mbololo, mteremkoni chini ya nyumba, karibu na baba yake, naye akae matanga na kulia kama wanawake wengine wanavyolia. Mke wa mtoro hana matanga. Watu humpa pole nusu nusu na kumtazama miguu kama wanaotafuta jambo lililomfukuza mwanamume.

Uwanja ulikuwa nyuma ya kiwanda cha mkonge. Bwana Pelling aliutengeneza mwaka huo huo Obadiah alipopotea, akauzungushia mstari wa chokaa, na katikati akashindilia udongo mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Siku hiyo timu yake ya wazungu wa mashambani ilikuwa ikicheza na timu ya reli, ambayo nahodha wake alikuwa Bwana Fernandes, karani wa mizigo, Mgoa mwenye kisukari na hasira za karibu. Timu ya reli ilikuja na watu kumi, kwa kuwa wa kumi na moja ameshikwa na malaria. Ilikuwa imeshapiga zamu yake asubuhi na kupata mikimbio, ndiyo alama za mchezo huo, arobaini na sita, idadi ambayo hata Fernandes mwenyewe alikuwa akiitaja kwa sauti ya chini.

Wakesho alipofika, wazungu walikuwa wamefikisha mikimbio thelathini na hakuna hata mmoja wao aliyetolewa. Bwana Pelling alikuwa ameketi kivulini na Mchungaji Stephen wa kanisa la kina Wakesho, wanakunywa chai. Kwa hiyo Wakesho akangoja. Mtu hamkatizi mzungu chai yake.

Ni wakati huo Obadiah alipoinuka kutoka katikati ya uwanja. Alijipangusa magotini, akatazama huku na huku kama mtu aliyeamka usingizi wa mchana, akaenda kusimama pale palipokosa mtu. Suruali yake ilikuwa ile ile ya kazini. Nywele zake zilikuwa nyeupe, si kwa uzee bali kwa vumbi la mkonge.

Fernandes alimwendea Wakesho, kwa maana aliona jinsi alivyosimama.

"Mama, huyu bwana yako?"

"Ndiye."

"Sisi iko watu kumi tu. Yeye najua rusha?"

Wakesho alifikiri. "Alikuwa akiwatupia nyani mawe kwenye mahindi. Hakuwa akikosa."

Fernandes akaridhika. Akampa Obadiah mpira, akamwonyesha vijiti vitatu vilivyosimama upande wa pili na mzungu anayevilinda kwa gongo, akamweleza kwamba kazi yake ni kuviangusha, na kwamba mkono usikunjike kiwiko wakati wa kurusha. Hilo halikuwa na taabu. Kiwiko cha Obadiah kilikuwa hakikunjiki tena hata angetaka.

Mpira wa kwanza ulitoka mkononi mwake kwa kasi ya kawaida. Ukaenda ukagonga mahali fulani pa ule udongo mgumu, ukatoa sauti kama ya mtu anayebisha mlango, na kutoka hapo haukuonekana. Vijiti vikalala. Mpigaji, msaidizi wa Bwana Pelling, aliendelea kuungoja kwa muda, kisha akakubali na kutoka. Aliyemfuata aligongwa mbavu, na alipokuwa akijisugua akatolewa. Wa tatu kofia yake iliruka ikaenda kuanguka penye farasi wa wazungu, nje ya mstari. Mpira ulikuwa ukigonga pale pale kila mara, na kila mara ukibisha. Daktari wa mifugo aliingia akisema kwamba siri ni kupiga hatua mbele. Akapiga hatua mbele. Alitoka bila kusema tena siri ni nini.

Makofi yalipigwa. Mchungaji Stephen naye alipiga, maana mchezo mzuri ni mchezo mzuri, na kikombe nusura kimdondoke.

Wazungu sita walikuwa wameshatoka na mkimbio umeongezeka mmoja tu, Bwana Pelling alipomwita Hudson. Hudson alikuwa nyapara wake, Mdawida, yaani Mtaita, wa Ronge, mtu aliyesimamia kiwanda na pia kulivuta lile gogo la chuma la kulainisha uwanja.

"Hii mpira iko na nini?"

"Hasira, Bwana," Hudson alisema, akitazama viatu vyake.

"Hasira ya nani?"

"Hiyo ndiyo hatujui, Bwana."

Kwa Wadawida hasira si jambo la kukaa moyoni mwa mwenyewe tu. Inaweza kumwangusha mtoto, inaweza kukausha maziwa ya ng'ombe, na mwenye hasira akawa hana hata habari nayo. Inaweza kuwa ya mtu hai, ya marehemu, au ya mbuzi aliyeonewa. Dawa yake ni kutasa. Mtu hupiga funda la maji au pombe ya miwa, huitaja hasira yake waziwazi, kisha huyapuliza maji nje, na hasira hutoka nayo. Lakini lazima atase mwenyewe. Hakuna anayeweza kumtemea mwenzake hasira. Bwana Pelling aliuliza kama jambo hilo litachukua muda mrefu kuliko chai. Hudson akasema hapana. Mchezo ukasimamishwa.

Basi hapo mambo yakachanganyika kabisa, maana kila mtu uwanjani alikuwa na hasira fulani na hakuna aliyejua ni ipi iliyoingia mpirani. Wakesho alianza. Alipiga funda, akasema, "Nimekasirika kwa kuambiwa mume wangu ametoroka," akapuliza. Udongo ukalowa kidogo, ukakauka. Fernandes akatasa kwa adabu tu, akasema amemkasirikia mkewe juu ya samaki wa Ijumaa. Mwamuzi akatasa. Daktari wa mifugo akauliza kama hasira juu ya mpira wenyewe inahesabika, akaambiwa inahesabika, akapuliza kwa nguvu. Mchungaji Stephen, ambaye kanisa lake lilikuwa limekataza mambo hayo, aligeuza kiti chake kikaelekea mlimani. Bwana Pelling alipopewa kikombe alipuliza maji yake ya limau vizuri, akasema hana hasira na mtu yeyote. Hilo lilikuwa kweli. Hakuna hata aliyemtilia shaka.

Mwisho Wakesho alimpelekea mumewe maji.

"Baba Alice, tasa."

Obadiah alipiga funda. Akapuliza, na kilichotoka kinywani hakikuwa maji. Lilitoka vumbi la mkonge, jeupe, kavu, likaendelea kutoka kwa muda mrefu na kuwashukia wote mabegani. Maji hayakutoka. Alijaribu tena, ikawa vile vile. Alimrudishia mkewe kikombe kwa aibu ya mgeni aliyeshindwa kumaliza chakula.

"Haitoki," alisema.

"Ulikufa?" Wakesho aliuliza.

"Nilikuwa kwa mashine. Ikanishika mkono. Kisha nikawa hapa." Akaonyesha kwa mguu pale mpira ulipokuwa ukigonga. "Alice anaendelea aje?"

"Anajua kusoma."

"Anasoma kwa sauti?"

"Kwa sauti mpaka majirani wanalalamika."

Obadiah alicheka, na vumbi kidogo likatoka. Wakesho akaona uchungu ule aliokosa ruhusa ya kuusikia mwaka mzima ukimpanda wote kwa pamoja, akamshika mkono ule mgumu, akamwambia waende nyumbani sasa hivi. Wakatembea mpaka kwenye mstari wa chokaa. Obadiah alivusha mguu mmoja, na upande wa pili mguu haukuwepo. Akaurudisha, ukawepo. Akajaribu mwingine.

"Mpaka nichimbuliwe," alisema.

Fernandes, ambaye macho yake yalikuwa mekundu, alikohoa na kusema kwamba jua linakwenda.

Mchezo ukaendelea. Wazungu watatu waliofuata walitoka upesi, mmoja wao akiwa bado anafunga kinga za miguu. Bwana Pelling aliingia wa mwisho. Alisimama wima, gongo mbele, akamtazama Obadiah, na Obadiah akamtazama, na ilionekana wanafahamiana vizuri. Mpira ukabisha. Vijiti vitatu vyote vikang'oka vikaenda kuanguka miguuni mwa Hudson, ambaye alianza kulia. Alipoulizwa analilia nini alisema vumbi limemwingia machoni, na kwa hakika vumbi lilikuwepo. Timu ya mashambani, kutoka thelathini bila kutolewa mtu, ilikuwa imekwisha yote kwa thelathini na moja.

Obadiah alipeana mikono na wachezaji wote wa pande zote mbili, hata Bwana Pelling, kisha akarudi pale katikati akalala. Udongo ukajifunga.

Wakesho akamwendea Bwana Pelling. Safari hii hakungoja chai.

"Bwana, umemsikia. Naomba nimchimbue nimpeleke nyumbani."

"Hapana chimba hapa," Bwana Pelling alisema, akivua glavu. "Hii kiwanja ya mchezo. Jumamosi nyingine tunacheza tena."

"Lakini mume wangu amekufa, Bwana. Yuko pale."

"Amekufa namna gani? Watu wote ameona yeye leo. Yeye iko mzima, nakimbia, narusha. Yeye toroka kazi. Jumatatu asubuhi yeye kuja maliza kipande yake ya kazi, au askari natafuta yeye."

Wakesho alimtazama Hudson. Hudson alisema kwamba siku ambayo Obadiah alipotea yeye alikuwa likizo.

Jumatatu Wakesho alipeleka shauri lake kwa afisa mmoja wa serikali. Afisa alisikiliza mpaka mwisho, na hakuwa mtu mbaya. Aliuliza kama ni kweli Obadiah alionekana Jumamosi mbele ya watu wengi. Wakesho hakujua kusema uongo. Afisa akasema kwamba mtu aliyeonekana na watu wote hao hawezi kuandikwa marehemu, akampongeza, maana wanawake wengi wangependa kupewa habari kama hiyo. Wakesho akatoka nje akiwa hajui kama ameshinda au ameshindwa. Akaenda kanisani kuomba angalau sala ya marehemu.

"Mama Alice," Mchungaji Stephen alisema kwa huzuni ya kweli, "nitamwombeaje kama marehemu? Mimi mwenyewe nilimpigia makofi."

Tangu siku hiyo askari huja Mbololo kumtafuta mtoro. Hupiga hodi, huingia, huinama kutazama chini ya kitanda, huchungulia darini. Wakesho huwaandalia chai na kuwaambia mahali alipo: uwanja wa kriketi wa Bwana Pelling, katikati, pale penye kishimo kidogo kilichochimbwa na mpira, kina cha mtu mmoja kwenda chini. Askari huandika yote. Huteremka Voi wakiwa na jembe, hufika uwanjani, na Hudson huwaambia kwamba Bwana amekataza mtu kugusa uwanja. Nao huripoti kwamba mtuhumiwa hakupatikana.

Majirani hawamwelewi Wakesho. Wanasema hakuna mke mwingine Taita nzima anayewasindikiza askari mpaka njia panda na kuwaonyesha njia ya mkato ili wafike mapema. Wakesho hubaki pale njia panda mpaka wapotelee kwenye mkonge, akimwomba Mungu kwa sauti kwamba leo wamkamate.