Kitabu Kabatini mwa Bosi

Chumba chetu cha kushonea kina madirisha ya juu sana, huoni kitu ila mawingu. Tunashona sare za shule. Vyerehani vina kelele, lakini tulikuwa na utaratibu wetu: mmoja anasoma kitabu kwa sauti, wengine tunagawana mashati ambayo angeshona yeye. Msomaji wetu tulimwita Redio, maana sauti yake ilipita juu ya mashine zote.

Mimi niliishia darasa la sita, na macho yangu sasa hayawezi herufi ndogo. Tangu mume wangu atangulie mbele ya haki, nyumbani nazungumza na Mungu tu, na Yeye si mwepesi wa kujibu. Redio akisoma, ndipo nasikia watu.

Kitabu kilikuwa cha chifu aliyemfungia mkewe ndani. Alimpa nguo, manukato na vijakazi, kila kitu ila mlango. Jioni alifunga mwenyewe, akavaa ufunguo shingoni, akalala nao.

"Nifungiwe mimi!" akasema Pilipili, ambaye hajawahi kumeza neno. "Sipiki, sifui, simwoni mwenye nyumba. Chifu, nakuja na godoro langu!"

"Na ukimkumbuka mama yako?" Redio akamwuliza.

"Aje yeye."

"Atapitia wapi, we? Dirishani?"

Pilipili akakata uzi kwa meno.

"Mtazameni na huyo chifu," nikasema. "Hasafiri. Hata msibani haendi, anaulinda mlango. Humo ndani wamefungwa wawili, ila mmoja ndiye anayejua."

"Shangazi naye!" wakacheka. Lakini niliona wanalitafuna.

Basi ikafika siku mke anaunyemelea ufunguo. Chifu anakoroma. Mkono wa mwanamke unapita chini ya kidevu chake, polepole, na Redio naye anasoma polepole, mtesaji yule. Mikono yetu ilikuwa kwenye mashati, roho zetu kitandani kwa chifu. Tukashona mifuko pande zote, mpaka mdomoni. Rundo zima.

Bosi wetu, aliyerithi karakana kwa baba yake, akachukua shati moja akaingiza kidole mfukoni. Kikagoma. Akachukua la pili.

"Haya, watoto waweke kalamu wapi? Puani?"

Hakuna aliyethubutu kucheka. Akakichukua kitabu, akakifungia kabatini ofisini kwake. "Kuanzia leo hapa ni kushona tu. Nikisikia hadithi tena, Redio atakwenda kusomea kwao."

Tukafumua mifuko kimyakimya. Mwanamke wetu tulimwacha mkono umeshika ufunguo, hatujui atatoka au atakamatwa. Nilimwomba Mungu subira, halafu nikamwomba na kitabu. Sikuona haya, Yeye ndiye ajuaye haja ya mtu.

Ila mimi ni mtu wa kuangalia. Niliona Bosi anakuja asubuhi macho mekundu. Nikaenda ofisini kuomba vifungo, nikakuta chai yake imepoa, naye anasukumia kitu kwenye droo haraka, karibu ajibane vidole. Nikasema moyoni: ahaa.

Nikarudi kwenye mashine yangu, nikasema kwa sauti ya kufika ofisini: "Mimi nadhani yule mwanamke aliurudisha ufunguo."

Wote wakageuka. Nikamkonyeza Pilipili. Alidaka kama paka.

"Aliurudisha na akaomba radhi! Mjinga yule."

"Si mjinga, ni mwoga," nikasema. "Ndege aliyezoea tundu, hata ukimfungulia, anarudi kwenye mtama wake."

"Hawezi!" Redio akakaribia kulia, yeye hakuwa ameelewa mchezo.

Ofisini kiti kikakwaruza sakafu.

"Siyo hivyo!" Bosi alikuwa mlangoni, miwani juu ya paji la uso, kidole katikati ya kitabu. "Si mwoga wala mjinga! Mnamsingizia mwenzenu!"

"Samahani, Bosi," akasema Pilipili kwa adabu kubwa. "Hiyo si hadithi hiyo?"

Bosi akakitazama kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. Mdomo ukamcheza. Tukapasuka kwa kicheko, naye akapasuka nasi, akashikilia mlango asianguke.

"Kaa hapa, mwanangu," nikamwambia, nikamsogezea kiti. "Tusomee."

Akasoma. Hana sauti ya Redio, lakini alipunguza mwendo mahali panapostahili. Mwanamke akafungua, akauacha ufunguo kwenye kitasa na mlango wazi. Chifu akaamka, akauona mlango, akabaki ameketi kitandani akilinda nyumba tupu.

"Shangazi alisema," Pilipili akanong'ona.

"Namhurumia chifu," akasema Bosi. "Baba yangu alikuwa hivyo. Hakumwachia mtu karakana hii hata siku moja. Alikufa akiwa ameshika funguo." Akamnyooshea Redio kitabu. "Chukua. Mifuko tu, jamani, muitazame."

"Rudia pale anapotoka," nikasema.

Redio akarudia. Tukamwambia tena. Nikawakumbuka shemeji zangu, waliotaka baada ya mazishi nikae ndani wanilishe wao, nami nikajifunga khanga nikaja kwenye cherehani hii. Mara ya tatu hatukumwachia Redio peke yake. Chumba kizima kilisema, na Bosi ndani yake, na sauti yangu ya uzee ikiwa mbele ya zote:

"Akavuka kizingiti, wala hakugeuka!"