Serveur wa Koko Ernestine

Dunia nzima na ijue: Jumamosi hiyo, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, ulizinduliwa kwa heshima zote mtambo mkuu wa kuhifadhi kumbukumbu za ukoo wa Balagizi. Mtambo wenyewe ulikuwa kompyuta kuukuu yenye kioo kilichopasuka, imelazwa juu ya ndoo ya unga, na waya wake ulipanda hadi kwenye betri ya sola.

Lévi, aliyekuwa likizoni kutoka shule ya bweni Likuni, aliipata kwa fundi mmoja huko Kanengo. Alitaka picha za marehemu mama yake, Espérance, zikae nyumbani, zifunguke bila bando.

"Njo nini hii?" aliuliza bibi yake, koko Ernestine.

"Serveur, koko. Iko inakaa hapa nyumbani. Ukiomba kitu, inakuletea."

Huko Bukavu, Kongo, walikotoka, serveur ni kijana anayehudumia watu mezani. Ernestine aliitazama mashine akaona imekaa tu bila kazi.

"Serveur, leta sombe na sambaza. Usitie chumvi mingi kama huyu mutoto."

Sahani ya kisamvu na dagaa ikaja, inafuka moshi. Lévi alichungulia diski, nafasi ilikuwa imepungua kidogo. Wakanawa, wakala.

"Sasa niletee mutoto wangu," koko akasema.

Espérance akaja, amevaa kitenge alichozikwa nacho. Akaketi mkekani, mkono tumboni kama zamani.

"Kula, ingali moto," koko akamwambia.

"Ruhusa imetoka?" Espérance akauliza.

Mkimbizi hatoki kambini bila ruhusa. Espérance aliiomba ili apelekwe hospitali Lilongwe. Ofisi ilimwambia arudi Jumatatu, na kila Jumatatu ikamwambia hivyo hivyo, mpaka akafa.

"Bado," koko akajibu. Espérance akala.

Betri ilipoisha, akaondoka. Kesho yake jua likaijaza, akarudi, akauliza tena. Jirani yao Nizigiyimana, aliyekuja kuazima kiberiti, alimsalimia, akasema afadhali amenenepa.

Jioni moja Lévi, bingwa wa mizaha bwenini, alisimama wima akakohoa.

"Mheshimiwa maman, ruhusa imetoka. Kesho asubuhi tunakwenda."

Espérance akafunga kitenge upya, akachukua kikapu, akaenda mlangoni kungojea asubuhi. Mtandao wa nyumba ile unaishia kizingitini. Alipokivuka, miguu ikaanza kufutika. Akarudi, akaketi.

"Nionyeshe hiyo ruhusa."

Lévi akatazama ndoo ya unga.

"We Lévi, tangu utoto, ukidanganya unaongea kama askofu," Espérance akasema.

Hapo hadithi inanishinda. Lévi ni mimi. Nilijiita kwa jina ili ionekane ni mtu mwingine aliyemvalisha mama yake kwa safari isiyokuwapo.

"Haijatoka, maman," nikasema, kwa sauti yangu.

Akavuta sahani.

"Basi. Kesho nitauliza tena."