Upande Unakoelekea Upepo

Jumanne, tarehe 13 Agosti 2019, Ciakuthii alikuwa akipepeta ndengu uani kwake, karibu na Ishiara, makapi yakakataa kuanguka. Yalisimama hewani, usawa wa kifua, yakijongea polepole kuelekea magharibi. Aliyasogeza kwa ungo, akaendelea na kazi.

Nyaya kubwa za umeme zilipita mashariki ya boma lake. Umeme huo haukuwa wa kugeukageuka kama ule wa sokoni; ulikwenda upande mmoja tu, na chaji zilizovuja kutoka kwenye nyaya zilipeperushwa kama moshi. Asubuhi, kukiwa kumetulia, zilibaki chini ya nyaya. Saa nane upepo ulipovuma, zilihamia kwa Ciakuthii. Mbuzi walizunguka zizini bila kulala, nywele za Ciakuthii zikasimama, naye mama mkwe wake, Wambeti, akainuka shubiri mbili kutoka kitini. Alifungwa kwa leso mbili kwenye nguzo ya ghala. Kila juma alipanda shubiri moja zaidi.

"Kaza fundo, mwanangu," alisema. "Sitaki kushukia Manyatta. Kule milimani magharibi kuna baridi."

Waliokuwa ndani ya mawe ya mpaka wa njia ya umeme walikuwa wamehamishwa. Boma la Ciakuthii lilikuwa hatua nne nje. Alichotaka ni fomu ya kampuni ya umeme ikiri kwamba umeme unamfikia, wahamishwe kabla leso hazijachanika.

Njoka, mpimaji wa kampuni, alizoea kuja saa moja asubuhi, jani lisipotikisika. Ijumaa moja, wiki kumi baadaye, baada ya kuombwa sana, alikuja saa tisa.

"Mama, fomu inataka kipimo cha wakati kumetulia."

"Kwani sisi tunaishi asubuhi peke yake?"

"Mwambie aketi," Wambeti alisema kutoka juu, "kama ataweza."

Viatu vya Njoka viliachana na ardhi. Alishika jiwe la mpaka kwa mkono mmoja, miguu ikielekea magharibi, na kwa mkono wa pili akaandika: Hakuna upepo. Hakuna athari.

"Cucu," akamsihi bibi huyo kule juu, "niazimeni leso."

Ciakuthii alifungua leso moja ya Wambeti, akamfunga Njoka kiunoni, akamvuta hadi barabarani. Njoka akaondoka nayo.

Jioni hiyo Ciakuthii alirarua shuka, akaiunga kwenye leso iliyobaki, maana Wambeti alikuwa amefika paani.

Uliyesoma haya, msomee jirani, ukianza na yule anayeishi upande unakoelekea upepo.